Matete ya Baba

INJINIA: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Dada yako. Mara hii umeshaisahau namba?

INJINIA: Shikamoo, dada. Simu mpya hii, majina yote yamepotea.

DADA: Marahaba. Wanisikia? Mtandao unakwamakwama.

INJINIA: Nakupata. Mama hajambo?

DADA: Hajambo kidogo. Kajifungia jikoni. Uani hapakaliki, maji ya chooni yametapakaa, yanakaribia kisima.

INJINIA: Si mwite gari la kunyonya —

DADA: Lilikuja, likanyonya, wiki haikuisha yamerudi. Sasa nina fundi hapa, koleo mkononi. Ameuliza kitu kimoja tu: yale matete yako wapi.

INJINIA: Matete gani?

DADA: Uliyong'oa siku ya msiba, mdogo wangu.

INJINIA: Lile pori? Dada, waombolezaji walikosa pa kuweka viti. Nikaona pale panaficha nyoka tu —

DADA: Najua. Sisi tulikuwa ndani tunamlilia baba, wewe ukapiga jembe, ukamwaga na kifusi juu. Watu wakakusifu, kijana mchapakazi.

INJINIA: Sasa matete na choo wapi na wapi?

DADA: Ndiyo yaliyokuwa yanasafisha. Maji yakitoka kwenye shimo la choo yanaingia mle, yanapita kwenye kokoto na mizizi, yakitokea upande wa pili hayanuki. Ndiyo baba aliyomwagilia maua yake.

INJINIA: Kile alichokiita "kibwawa changu"?

DADA: Hicho hicho.

INJINIA: Nilidhani anafuga samaki.

DADA: Samaki? Haya. Fundi anasema kinafufuka, mizizi mingine bado hai. Ila chini kuna turubai. Akichimba ovyo atalitoboa, uchafu uzame kisimani. Anataka kujua bomba linaingilia wapi, linatokea wapi, kina kiasi gani.

INJINIA: Mwambie basi.

DADA: Nimwambie nini? Nikimwuliza baba alikuwa ananijibu, "Hayo ya Injinia. Nimeshamweleza yote."

INJINIA: Mimi?

DADA: Si alikupigia kila Jumapili kwa miaka miwili? Tulikuwa tunamwona dirishani, simu sikioni, anapima kwa hatua huku anakueleza. Nusu saa nzima. Haloo?

INJINIA: Nipo.

DADA: Fundi anasubiri.

INJINIA: Dada... nilikuwa naiweka simu mezani.

DADA: Sijakupata, mtandao —

INJINIA: Naiweka mezani, naendelea na shughuli zangu. Mara mojamoja naitikia, "Ndiyo, baba."

DADA: Miaka yote miwili?

INJINIA: Yote.

DADA: Kumbe. Na yeye akikata simu anamwambia mama, "Yule mtoto ana masikio. Hanikatizi hata kidogo."

INJINIA: Usiniambie hayo. Naomba, dada, usiniambie.

DADA: Unalia?

INJINIA: Moyo unaniuma. Nimemng'oa kwa mikono yangu mwenyewe.

DADA: Hata mimi unaniuma. Lakini salio linakwisha. Jikaze, kumbuka hata kimoja. Hatua ngapi kutoka shimoni?

INJINIA: Nakumbuka mwisho tu. Kila simu alikuwa anamalizia, "Basi nisikuchoshe. Ukija utaona mwenyewe."

DADA: Hilo halimfai fundi.

INJINIA: Najua. Mwambie aweke koleo chini. Kesho nakuja, nitafukua mwenyewe kwa vidole, mpaka niguse turubai lake.

DADA: Njoo. Fundi atakuelekeza. Ila ukifika, habari ya simu mezani usimwambie mama. Kuamini kwamba ulikuwa unamsikiliza baba ndiko kunakomfariji. Kila jioni anarudia maneno ya baba, anasema angalau —

INJINIA: Angalau nini?

(mlio wa simu kukatika)

INJINIA: Dada? Haloo? Dada, nasikiliza.