Mara Sita: Historia ya Marehemu Alden Knickle

Wapendwa mliokuja kumsindikiza, mimi ni Thelma Knickle, mdogo wake marehemu, kusoma nilijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia samaki, kwa hiyo nitakwenda polepole, na mwenye haraka mlango haujafungwa.

Kaka yetu Alden alizaliwa hapa Lunenburg tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mzee Elric na mama Beulah, nikafuata mimi, na kitinda mimba wetu Garnet. Alisoma hapahapa hadi darasa la nane, akaacha Juni 1965, na Septemba akaanza kazi kwenye ghala la vifaa vya boti pale gatini, akadumu nayo miaka hamsini na moja, akiunga kamba ya kusuka ya nyuzi nane kwenye pete ya mwisho ya mnyororo wa nanga, bila pingu ya chuma ya kuunganishia, ili muungo upite kwenye mashine ya nanga bila kukwama, akizipenyeza nyuzi mara sita, si tano, na kuacha ndani uzi mmoja mwekundu, ijulikane kuwa ni kazi yake.

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na wifi yangu Marjorie katika kanisa hilihili, wakajaliwa Dale mwaka 1978 na Ruthann mwaka 1981.

Sasa nafika mahali ambapo Marjorie ameniomba niparuke, nami siparuki. Tarehe 10 Novemba 1998, Alden alikuwa anaunga nanga ya boti ya Garnet, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na Garnet amemsimamia kichwani, "Kaka, unashona gauni la harusi au unafunga nanga?" Alden akapenyeza mara nne, akasema, "Acha, kesho nitamalizia mbili." Garnet akacheka, akaenda baharini jioni ileile. Kesho yake boti iliokotwa miambani, haina nanga, haina mtu.

Kwenye ibada ya Garnet nilimwuliza Alden mbele yenu, ulipenyeza mara ngapi, akasema mara nne, nikamwambia, "Basi wewe ndiye uliyemzamisha," na kwa miaka kumi na minane sikukanyaga kwake, hadi alipostaafu mwaka 2016.

Mapafu yalianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 2023, akalazwa tarehe 2 Oktoba, na mikono yake haikutulia, ilishika nyuzi za pindo la blanketi, ikazipenyeza kwenye pete ya pazia, akihesabu hadi nne, kisha anageukia kiti kitupu, "Garnet, malizia." Asubuhi ya tarehe 9, mimi na muuguzi Bi Pyke tukiwepo, alihesabu nne, akaiweka mikono kifuani kama mtu anayempisha mwenzake, na nyuzi za pindo zikasogea zenyewe, mikono ikiwa imelala, halafu akasema, "Sita," akakata roho, saa nne na dakika ishirini.

Siku ileile Hollis Tanner, nahodha wa meli ya nyavu, alinigongea. "Dada Thelma, njoo gatini uone kitu, na usinitukane." Wavu wake ulikuwa umepandisha mnyororo wa nanga ya Garnet, kamba ingali imeungwa, imekatika mbali huko juu iliposuguana na chuma cha omo, mbele ya boti, na muungo ni mzima, hauna hata konokono, uzi mwekundu unang'aa kama wa jana. Hollis aliandika saa aliyoupandisha, someni wenyewe kwenye daftari lake, saa nne na dakika ishirini.

Nimehesabu mara tatu. Ni sita. Nne za mwanzo ni za Alden, mbili za mwisho nyuzi zimelazwa kinyume, kama anavyolaza mtu wa mkono wa kushoto, na katika nyumba yetu wa kushoto alikuwa mmoja tu. Alizimalizia lini, siku ileile akiwa baharini au Jumatatu iliyopita, mimi sijui, na sitadanganya kanisani. Mnyororo huo hapo juu ya jeneza, njooni mhesabu.

Tunawashukuru madaktari, Bi Pyke, majirani mlioleta supu na kuni, wenzake wa ghalani, na Hollis, ambaye sikumtukana.

Alden, nilikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu walewale naomba radhi. Muungo wako ulishika. Pumzika kwa amani, kaka, na unisalimie aliyekumalizia.