Gofu Linalotunza Peasi

Unageuza uso kila ukipita lile jengo la enzi za Mjerumani sokoni Lushoto, kama ulivyogeuza walipobomoa ghala la kahawa.

Jana, kwenye basi la Mombo, mkandarasi mmoja alimwamkia vizuri Mama Eliza, muuza peasi. Akapewa peasi moja. Ndipo akasema Jumatatu wanalibomoa jengo lile.

"Ni gofu tu, mama."

"Gofu? Kuta zile nene zinatutunzia peasi wiki mbili bila kuoza! Tuwekeeni milango, basi."

"Tutawajengea soko la kisasa, la vioo."

"La vioo! Unataka kutuchemshia matunda, mwanangu?"

Tulishuka Mombo wakibishana, mkandarasi bado anatafuna peasi iliyolala gofuni humo tangu wiki iliyopita.

Jumatatu saa moja asubuhi, njoo usimame mlangoni pa gofu na Mama Eliza.