Neno Lililobaki Mezani kwa Fundi Kamusi

Ndugu waombolezaji, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa kumi na moja na robo alfajiri, Muumba alimwita baba yetu mpendwa, fundi cherehani ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Kamusi, na mimi, kitindamimba wake, ndiye niliyepewa kusoma historia yake, kwa sababu mtakayoisikia.

Baba alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, akaanza shule mwaka 1959, akaishia darasa la saba babu alipofariki, kisha akakaa kwenye cherehani ya shangazi yake, na kazi hiyo hakuiacha mpaka mguu ulipokataa kukanyaga.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, mpishi wa shule, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1990 dada yetu mkubwa alipoingia sekondari, alikuja na kamusi ya Kiingereza, na nyumba ikachangamka, maana Baba alichagua neno gumu, akaliandika kwa chaki ya kushonea kwenye pembe ya meza ya kukatia, akatueleza maana, na sheria ikawa moja, kwamba neno halifutwi mpaka kila mmoja nyumbani alitumie katika sentensi ya kweli, ya jambo lililotokea. Neno “reluctant”, yaani mwenye kusitasita, Mama alilimaliza asubuhi ileile, kwa kumwonyesha kidole kaka yetu aliyegoma kutoka kitandani.

Siku moja, kwa haraka, Baba aliandika “magnificent” akidhani ni mezani, kumbe ni kwenye koti la harusi la mjomba, na hakuna aliyeliona mpaka bwana harusi alipopiga magoti altareni, kanisa zima likasoma mgongo wake. Mjomba, uliyekaa pale mbele, mpaka leo unasimulia ulivyomuuliza, “Shemeji, ndiyo bei yangu hiyo?” naye akakujibu kwamba maana yake ni mwenye fahari, na kwamba hakupunguzii hata senti.

Kisukari kilimwanza mwaka 2016, na tarehe 27 Mei mwaka huu alilazwa, akiwa ameacha mezani neno “exuberant”, yaani mtu aliyejaa furaha mpaka inamwagika. Wote walikwisha kulitumia isipokuwa mimi, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza kama limefutwa, nikamjibu kwamba siwezi kusema uongo naye amelala vile, akacheka, akaniambia, “Subiri, litakujia lenyewe.”

Jumatatu jioni alimfundisha muuguzi neno hilo, muuguzi akalipeleka kitanda kwa kitanda, wodi nzima ikaanza kulitamka, kila mtu kwa namna yake, na Baba akapiga makofi mpaka dripu ikayumba. Nilirudi nyumbani nikiipanga sentensi yangu nimpelekee asubuhi, na asubuhi hakuwapo.

Basi naisema hapa, mbele yenu nyote: “My father was exuberant on his last evening,” yaani baba yangu alijaa furaha mpaka ikamwagika jioni yake ya mwisho. Ni kweli, mimi ni shahidi, na tukitoka makaburini Mama atalifuta neno lile mezani.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi wa wodi ile, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliofunga vibanda leo kwa heshima yake.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako, mpe pumziko lisilo na maumivu, na furaha uliyomjazia hapa duniani imwagike huko kwako milele. Amina.