Asubuhi Hospitali Nzima Ilipomsubiri Fundi Bati

Kijiwe chetu kiko ng'ambo ya geti la hospitali: ubao mmoja juu ya matofali, na Mama Birika na kahawa yake. Siku hiyo kompyuta zote za hospitali zilikwama asubuhi. Dirisha la usajili kimya, la dawa kimya, foleni ikatoka mpaka barabarani, na hata mchana ilikuwa bado inajikokota. Sisi tulijua jambo moja tu: mwenzetu Kinyozi aliingia mle mbio na mdogo wake, fundi bati, aliyeanguka kutoka paani akatanguliza kichwa.

— Ni virusi, — alisema Kipaza, aliyekuwa akiita abiria stendi na hata siri huitangaza. — Wamepitia kwenye waya.

— Virusi wa kompyuta au wa mafua? — akauliza Mama Birika.

— Hospitalini wanachanganyika, mama!

Mzee Hakimu, karani mstaafu wa mahakama, akakohoa kama anayesoma hukumu.

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi kompyuta zimeinama.

— Hiyo imeingiaje hapa, mzee?

— Methali haipigi hodi.

— Mimi nawaambia zimegoma, — Kipaza akapandisha. — Zimeungana! Leo hospitali, kesho benki, keshokutwa zinadai kupiga kura!

Tulicheka, kisha tukageukia geti. Kinyozi alikuwa anavuka barabara, shati lina damu iliyokauka. Akakaa. Mama Birika akammiminia bila kuuliza.

— Yu hai, — alisema. — Ametoka upasuaji. Nimemshika mkono, akanibana kidole.

— Alhamdulillahi! Na hizo kompyuta?

— Ndizo zilizomwokoa. Sikilizeni. Picha za kichwa zilishapigwa, ila zinatoka vipande vipande, mamia, na kompyuta ndiyo inayoviunganisha ili daktari aone damu imevujia wapi. Haviungani! Kumbe hospitali yote ina kompyuta moja kubwa, imefungiwa kwenye chumba cha baridi. Mishahara, dawa, maabara, usajili, kila idara ina fungu lake la nguvu na la nafasi. Na leo mishahara ilikuwa inapiga hesabu za mwezi, imejitandaza humo kama mume kwenye kitanda chembamba.

— Ehe!

— Akaitwa dada mmoja, ndiye mgawaji wa hayo mafungu. Kavaa sweta kwa ile baridi. Akamuuliza daktari, "Mgonjwa ana muda gani?" Daktari akasema, "Hana." Dada hakuuliza tena. Akakaa, akaanza kunyang'anya. Mishahara, lete. Usajili, lete. Dawa, ngoja kidogo. Wodi ya watoto wachanga tu hakuigusa. Mara nikaona kichwa cha mdogo wangu kinajijenga kwenye kioo cha kompyuta: mfupa, ubongo, na doa jeupe la damu pembeni. Jamani, kile kichwa nimekinyoa tangu utoto wake. Sikujua ndani mna vile.

Kipaza, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akanong'ona:

— Kwa hiyo jengo lote lile lilibana pumzi kwa ajili ya fundi bati.

— Lilibana.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, — alisema Mzee Hakimu, na hakuna aliyembishia.

Pembeni alikuwa amesimama mwanamke aliyetoka kwenye foleni, mtoto amelala mgongoni, dawa mkononi.

— Ndiyo maana dirisha lilisimama?

— Ndiyo, dada yangu, — Kinyozi akainuka. — Utuwie radhi.

— Hapana, kaka. Wangu alikuwa na homa tu, na dawa nimepata. Mungu amponye huyo wenu. — Akamtengeneza mtoto mgongoni. — Ila wangeletwa wawili, na wote hawana muda, yule dada angempa nani?

Mzee Hakimu alitafuta methali. Niliona midomo yake ikijaribu moja, ikaiacha.

— Nitakwenda kumuuliza, — alisema Kinyozi.

Lakini alibaki palepale, amesimama, anatazama geti.