Baridi ya Ghorofa ya Tisa

EBERTO: Haloo, nani mwenzangu? Sikupati vizuri.

NIDIA: Ni mimi, Nidia, dada yako. Uko wapi?

EBERTO: Ningekuwa wapi? Juu ya paa, kwenye chumba cha mitambo. Za huko ofisini?

NIDIA: Achana na za ofisini. Washa baridi ya viyoyozi, Eberto. Sasa hivi.

EBERTO: Amri ya bosi wetu, don Rugero, hiyo. Ikifika saa nane, baridi inazimwa jengo zima. Anasema tunakula umeme mno. Nikigusa swichi, kazi sina—

NIDIA: Yulieth ameanguka.

EBERTO: Yulieth yupi?

NIDIA: Yule mjamzito, wa meza ya pembeni yangu. Madirisha hayafunguki, unajua, na jua lote la Barranquilla liko kwenye vioo vya ghorofa yetu ya tisa. Tumemnywesha maji ya panela, ile sukari guru, katapika. Sasa anatokwa damu.

EBERTO: Mmeita gari la wagonjwa?

NIDIA: Limekwama kwenye foleni. Sikiliza, wanaume wanapanda huko. Wilmer kang'oa mguu wa meza.

EBERTO: Wilmer wa mauzo? Aliyelia timu ilipofungwa? Mwache aje. Mlango huu wa chuma—

NIDIA: Sikutanii. Wamemkuta don Rugero ofisini kwake, kiyoyozi chake mwenyewe kinavuma, kavaa sweta. Wamemvunja meno. Nimeyaona kwenye zulia.

EBERTO: Kavaa sweta?

NIDIA: Sweta. Washa, halafu utoke humo.

EBERTO: Haya, nimewasha. Dakika tano itakuwa imewafikia. Ngoja nifunge ko— (mkwaruzo) —wako mlango wa nyuma. Nidia, hawagongi. Wanafungua.

NIDIA: Haloo? Unakatika—

EBERTO: Mlango wa nyuma una funguo mbili tu. Mmoja ninao mfukoni. Wa pili nilikuachia wewe, uwe unaniletea chakula.

NIDIA: Eberto, sikiliza—

EBERTO: Nidia.

NIDIA: Alikuwa anatokwa damu, Eberto. Niliwaambia wakawashe tu. Waliniapia hawatakugusa.

EBERTO: Wilmer, nimeshawasha. Tazama taa hiyo, bwana, nimesha— (kishindo)

NIDIA: Eberto? (kishindo, tena kishindo) Wilmer, mwache. Mwache, huyo ni ndugu yangu. Wilmer, unanisikia?

(Nyayo zinashuka ngazi.)

EBERTO: ...Wameondoka.

NIDIA: Wamekuumiza wapi?

EBERTO: Mkono hauinuki. Sikio la kulia halisikii, simu nimeihamishia kushoto. Yulieth je?

NIDIA: Wamemshusha kwa ngazi, wamembeba kwenye kiti. Anapumua. Mtoto hatujui.

EBERTO: Baridi imefika?

NIDIA: Imefika. Watu wamerudi kwenye meza zao. Hakuna anayemtazama mwenzake.

EBERTO: Simu yangu inazima. Mama akiuliza, nilianguka ngazini.

NIDIA: Mama nitamwambia mwenyewe, kwamba ule ufunguo—

EBERTO: Ngazini, Nidia. Ufunguo hujawahi kuwa nao.

NIDIA: Nakuja huko. Nachukua maji na kitambaa, nakuja—

EBERTO: Usije.

NIDIA: Eberto, kaka yangu—

EBERTO: Maji nayataka. Mpe mtu mwingine ayalete.