Fundi Sikio na Warudi Wake

Ijumaa, tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Fundi Sikio atazima pasi yake ya kulehemu, ataifuta ncha kwa sponji kama afanyavyo kila siku, kisha atakabidhi ufunguo wa chumba cha redio. Atakuwa ameitumikia kampuni yetu ya malori kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne.

Karani wa utumishi aliyeniomba kuandika ukurasa huu alisema uwe mchangamfu, na nisijiingize sana. La kwanza nitajitahidi. La pili litanishinda, kwa sababu Fundi Sikio ni shangazi yangu, na baba yangu, mdogo wake, ndiye dereva wa lori namba kumi na saba. Baba akiwa safarini mimi hukaa kwa shangazi, na kila likizo ya shule hujaza daftari la miito kwenye chumba chake. Mimi ni mtu wa haya. Redio ya upepo inanifaa: unabonyeza kitufe, unasema, unaachia, na hakuna anayekuona uso.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na tisa, si kama fundi bali kama mpokeaji wa miito. Waliomchagua walisema sauti yake haina haraka. Fundi wa wakati ule alikuja mara moja kwa mwezi kutoka mji mwingine, na redio, kama mnavyozijua, haziharibiki kwa ratiba. Siku moja zilinyamaza zote wiki tatu kabla ya ziara yake. Mpokeaji wa miito akavua viatu, akapanda ngazi ya mlingoti na sketi yake ya ofisini, akakuta nyigu wamejenga kwenye shina la antena. Alishuka na uvimbe mmoja shavuni, na redio zikasema. Mwezi uliofuata alipelekwa kusomea ufundi.

Madereva wote wanajua utaratibu wake. Ukimlalamikia kwamba redio yako haifiki mbali, hagusi redio. Anaanza juu kwenye antena, anashuka na waya kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto mwenye homa, na amplifaya, kile kisanduku cha kuongeza nguvu, huja mwisho kabisa. Wengi hutaka aanze na kisanduku. Mwaka mmoja, kiangazi kikali, meneja alishikilia kwamba amplifaya ya ofisini imekufa na inunuliwe nyingine. Shangazi alikata waya wa antena mahali ulipopindia chini ya dirisha, akakinga kifuniko cha soda, na maji yakadondoka humo. Yalikuwa ya mvua za miezi mitano nyuma. Kifuniko hicho bado kipo mezani kwake, na meneja akiingia hukitazama kwanza, ndipo asalimie.

Kisha kuna habari ya dereva tunayemwita Makeke. Yeye alichoka kuambiwa hasikiki, akajinunulia sokoni amplifaya kubwa kama mkate, akaifunga kwa siri chini ya kiti. Siku hiyo hiyo, lori likiwa uani, alibonyeza kitufe na kumweleza mwenzake kwamba tumbo la meneja linatembea ofisini dakika mbili kabla ya meneja mwenyewe. Nguvu ilikuwa nyingi mno, ikaingia hadi kwenye spika ndogo za mezani ambazo meneja alikuwa akisikilizia taarifa ya habari. Waliokuwepo wanasema aligeuka kutazama tumbo lake. Shangazi alipolikagua lori alikuta antena imefungwa juu ya rangi na kutu, chuma hakigusi chuma. Alikwangua kwa kisu, akakaza nati, akamrudishia Makeke mkate wake ndani ya mfuko. “Mwanangu, ulikuwa unapiga kelele ndani ya pipa,” alimwambia. “Umenunua mdomo mkubwa zaidi, lakini pipa ni lile lile.”

Sasa neno ambalo wageni wa chumba kile huwa hawalielewi. Umeme wa redio hupanda kwa waya hadi antena, kisha huruka angani. Waya ukiwa na kasoro, au plagi ikilegea, sehemu ya umeme hugeuka njiani na kurudi ulikotoka, na ukirudi mwingi huunguza amplifaya. Shuleni tunafundishwa mambo haya kwa lugha nyingine. Niliyakariri na kupata alama nzuri bila kuelewa kitu. Shangazi huuita umeme huo “warudi”. Huinamia mita akauliza, kama anayeuliza habari za watu: “Wamerudi wangapi?” Anataka kusikia hakuna, au wawili watatu wasio na madhara. Na kila jioni, akifunga daftari, huuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, safari hii kuhusu malori. Hapo anataka kusikia wote. Nimeuliza swali hilo tangu nikiwa na miaka sita, miguu haifiki sakafuni, nikimsubiri namba kumi na saba.

Na jina lake? Wengi wanadhani tunamwita Fundi Sikio kwa sababu anasikia sana. Hasha, sikio lake la kushoto limechoshwa na vipokea sauti, hata nyumbani unambishia hodi mara tatu. Jina lilitoka kwenye tepu. Kila plagi anayoikaza huizungushia tepu nyeusi kuzuia unyevu, na mwisho wa tepu huukunja kidogo, ukubwa wa ukucha, usigande. Hilo ndilo sikio. Fundi atakayekuja baadaye atalishika na kubandua, bila kutafuta mwanzo kwa kisu na kukata waya. Miaka thelathini na mmoja amekuwa akimkunjia sikio mtu asiyemjua.

Mtu huyo alifika mwanzoni mwa mwezi huu: fundi mpya, kijana mpole, anayeandika kila anachoambiwa. Nami nilimchukia. Shangazi amejenga nyumba milimani, safari ya siku nzima, ambako redio yetu haifiki. Tayari alikuwa amefungasha nusu ya vyombo. Nikawaza: kijana huyu akishindwa mbele ya watu, watamwomba shangazi abaki, hata mwaka mmoja tu.

Jumanne ya wiki ya pili, shangazi akiwa amekwenda kunywa chai na kijana yuko stoo, niliingiza mkono nyuma ya amplifaya, nikabandua tepu, nikailegeza plagi mizunguko miwili, nikaibandika tepu tena. Kisha nikakaa na daftari langu, mtoto wa watu.

Hazikupita dakika kumi, namba kumi na saba akaita. Sauti ya baba ilikuja kwa mbali, imejaa mikwaruzo. Breki zilikuwa zimepata moto kwenye mteremko, amesimama ukingoni, anataka kuelekezwa gereji ya karibu. Fundi mpya alimjibu. Baba hakusikia. Akajibu tena, akapandisha nguvu ya amplifaya, akapandisha tena. Baba aliendelea kuita: “Kituo, mnanipata? Dada, unanipata?” Chumba kikaanza kunuka plastiki ya moto. Nilijua ni nini, na ulimi wangu ulikuwa umeganda. Kuona haya ni ugonjwa mbaya jamani.

Shangazi aliingia na kikombe mkononi. “Zima,” alisema. “Zima kwanza, maswali baadaye.” Akatazama mita. “Warudi wote hawa?” Akaanza dirishani, vidole viwili juu ya waya, akashuka nao, akazunguka meza, akaingiza mkono nyuma ya kisanduku. Hapo vidole vilisimama. Viliitafuta ncha ya tepu, vikazunguka mara ya pili. Hapakuwa na sikio.

Hakugeuka kunitazama. Alikaza plagi, akaitoa amplifaya njiani kabisa, akaunganisha redio moja kwa moja na antena, akabonyeza. “Kumi na saba, nakupata.”

“Dada! Ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nakunywa chai. Kwani nisinywe?” Akamwelekeza gereji, taratibu, kona kwa kona. Baada ya hapo alikata tepu mpya, akazungusha, akakunja ncha. Fundi mpya alikuwa ametoka jasho, anaomba radhi kwa kupandisha nguvu. “Kupandisha ulikosea,” alimwambia, “ila ugonjwa hukuuleta wewe.”

Jioni, njiani kwenda nyumbani, alisema kitu kimoja tu: “Ulisahau sikio.” Nililia barabarani, mbele ya watu, mimi ninayeona aibu hata kununua sukari dukani. Alinishika mkono hadi tukafika kona ya fundi cherehani. Ndipo akasema, “Mimi nimechoka na mikwaruzo, mwanangu. Nataka kuamka asubuhi nisisikie mtu ananiita. Hata wewe. Lakini mchana unaweza kuja.”

Kesho yake nilikiri kwa fundi mpya, kisha kwa meneja, na baba alipofika uani nikamwambia akiwa hajashuka hata ngazi ya lori. Alizima injini, akashuka. Halafu akasema na yeye aliwahi kufikiria kumfichia dada yake viatu asiondoke. Amplifaya ilipona, isipokuwa kipande kimoja kilichoungua. Nimekibadilisha mwenyewe, shangazi akishika taa. Naandika haya kwa ruhusa yake. Alisema wasifu usio na kosa hata moja utafanya watu wadhani amekufa.

Tunamshukuru, basi, kwa antena alizopanda kuzikagua hadi mwaka jana, kwa mafundi wanne aliowafunza, kwa madereva waliofika makwao kwa sababu kulikuwa na mtu upande wa pili. Fundi mpya anakunja sikio siku hizi, kubwa mno, kama la tembo, lakini atajifunza. Ijumaa saa kumi kasorobo malori yote yaliyoko barabarani yataita moja moja kumuaga. Namba kumi na saba ataita mwisho, ameomba hivyo.

Shangazi, tunakuombea nyumba isiyovuja, asubuhi zisizo na mikwaruzo, na miguu yenye nguvu ya kupanda milima yako. Mimi nitakuja mchana. Na kila jioni tutakapofunga daftari, mmoja wetu atauliza wamerudi wangapi, na hata malori yakiwa yamejaa uani, tutahesabu na kukuta amepungua mmoja.