Utepe kwenye Mashine ya Oksijeni

Mgeni rasmi, viongozi wa kijiji, shehe wetu na katekista wetu, karibuni. Sisi ni wagonjwa wa mapafu wa kutoka Lionja hadi Chunyu. Tukisita katikati ya sentensi, msidhani tumepotea mstari. Tunatafuta pumzi. Aliyeteuliwa kusoma ni Bi Zulfa, lakini asubuhi hii ameishiwa nguvu mlangoni pa zahanati, amelazwa ndani; tunasoma sisi wenzake kwa niaba yake.

HISTORIA

Tulianza na kikohozi kikavu. Watu wakasema kifua kikuu, ndugu wakatutengea vikombe. Mwenzetu Lubasha aliuza ng'ombe kwa ajili ya waganga mpaka fimbo ikakosa wa kuchunga. Tulipopimwa, kifua kikuu hakikuonekana.

Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili ni askari. Vumbi au moshi ukijeruhi mapafu, askari huja kupigana, kisha jeraha huzibwa. Kwetu vita viliisha, askari hawakurudi kambini. Wanaendelea kuziba pasipo tundu, na mapafu yanakakamaa kwa makovu. Wengine tumepuliza dawa ya unga wa salfa kwenye mikorosho miaka mingi, ila Bi Zulfa hakuwahi kushika pampu. Yeye kinga yake ilimshambulia viungo vya vidole kwanza, ikahamia mapafuni. Kovu likishakaa halitoki. Tumechoka kuulizwa tutapona lini.

MAFANIKIO

Baada ya msimu wa korosho tulichangishana, tukanunua mashine ya oksijeni. Iko kwenye chumba alimolazwa Bi Zulfa.

CHANGAMOTO

Mashine haijawahi kuwashwa. Tuliambiwa isitumike kabla ya kuzinduliwa, na sisi wenyewe, kwa kupenda sherehe, tukaifunga utepe mwekundu. Ugeni wako ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Hatulaumu, wakubwa mna kazi nyingi. Ila inachosha kukaa jirani na pumzi usiyoruhusiwa kuivuta.

Samahani, mgeni rasmi. Muuguzi Eliza amekuja hapa mbele, anatuambia: “Jamani, Bi Zulfa midomo inageuka rangi. Niwashe, nisiwashe?”

Na sisi, watu wazima wote hawa, tumekutazama wewe. Tunaona aibu.

MAOMBI

Tuliandika mengi: daktari wa mapafu, umeme wa uhakika, barabara. Tunayakunja. Eliza, mama, kata utepe, washa! Nawe mgeni rasmi, tunakuomba radhi kwa kuuzindua mkasi wako kabla yako. Ukipenda, mfuate Eliza ukamshike Bi Zulfa mkono. Makofi watapiga wenye pumzi.

Mwenyezi Mungu akujalie kifua chepesi, wewe na wanao.

Ni sisi,
Kikundi cha Vuta Taratibu, Lionja.